Wiki Sita Bila Kukanyaga

Kate, Nkasi
14 Januari 2024

Mdogo wangu Teodori,

Pokea salamu za nyumbani. Mwaka mpya umetukuta wote tukiwa hai, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika hata kanga. Mahindi ya kule juu yamefika kiunoni. Maharage yana madoa kidogo lakini yatazaa. Mwanangu Victoria alikuja Krismasi kutoka Dodoma, akakaa siku nne, akarudi kazini kwake. Mama anakula. Jana alimaliza ugali wa ulezi na majani ya maboga, akaomba tena. Macho ndiyo yamezidi kufifia. Sasa anamtambua mtu kwa hatua zake, na anasema za kwangu ni za bata. Kila jioni ananiuliza wewe umekula nini huko gerezani. Huwa nakutungia chakula. Leo nimemwambia wali na nyama.

Sasa nikueleze habari ya goti, maana Victoria amesema nisipokuandikia mimi atakuandikia yeye. Goti la kulia limenishinda. Mwaka jana wote nilikuwa nashuka mteremko wa mtoni kinyumenyume. Mwezi uliopita nikaenda Sumbawanga, nikapigwa picha, na daktari bingwa aliyekuja kutoka Mbeya akaitazama. Anaitwa Cleophas, bado kijana, ana mikono mikubwa kama ya fundi seremala.

Akaniambia, "Mama, goti lako limekwisha upande wa ndani tu. Upande wa nje bado ni wa msichana."

Ni haya matege yangu uliyokuwa ukinitania utotoni. Anasema kwa vile mguu umepinda, uzito wote umekuwa ukiangukia upande mmoja miaka arobaini, mpaka mfupa unasaga mfupa. Akachukua kalamu akanichorea. Wanaukata mfupa wa muundi, hapa chini kidogo ya goti, lakini hawaumalizi. Wanaufungua kama mtu anavyofungua mlango kidogo kuchungulia, mguu unanyooka, halafu wanafunga chuma na skrubu. Ule mwanya unajijaza mfupa wenyewe. Uzito unahamia upande mzima.

Nikamuuliza kwa nini asiniwekee goti la bandia. Akasema, "Una miaka arobaini na minane na bado unashika jembe. Goti la bandia utalichakaza kabla hujazeeka."

Nilikuwa karibu kukubali. Ndipo akasema wiki sita sitakanyaga. Nitatembea kwa magongo, mguu uguse chini kwa kidole tu. Nikikanyaga kabla mfupa haujashika, chuma kitapinda na kazi yote itakuwa bure.

Nilicheka, Teodori. Mama anainuliwa mara tatu kwa siku, kitandani, kwenye kiti, chooni. Nani atamwinua? Nikamshukuru daktari nikarudi nyumbani. Kwa hiyo usinishawishi, nimekwisha kuamua.

Dada yako,
Marsiana


Gerezani, Tabora
3 Machi 2024

Dada Marsiana,

Shikamoo. Na Mama mwambie shikamoo yake naileta kwa mikono miwili. Barua yako nimeipata wiki iliyopita. Mimi mzima. Nipo karakana ya useremala, tunatengeneza madawati. Joto la huku halina adabu, usiku naota upepo wetu wa Julai. Mwambie Mama nimekula samaki. Safari hii ni kweli.

Dada, nimekusoma na nakukatalia. Umelima peke yako tangu nilipoingia huku, mwaka wa tatu sasa. Kila ninapofikiria wewe unashuka mteremko kinyumenyume, chakula changu nampa mwenzangu. Goti hilo nimelimaliza mimi.

Sikiliza. Rufaa yangu imeitwa. Mwanasheria anasema mambo ni mazuri. Mwisho wa Mei, ikichelewa sana katikati ya Juni, nitakuwa nyumbani. Mama nitambeba mimi. Mahindi nitavuna mimi. Wewe kazi yako itakuwa kukaa na mguu juu ya mto na kunituma. Mwambie daktari akupe tarehe ya Juni.

Usiniandikie tena kwamba umeamua.

Mdogo wako,
Teodori


Kate
21 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta kwa katekista siku ya Jumatano. Nilimsomea Mama, akaniambia nirudie pale penye Juni. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Tangu siku hiyo anakula mpaka nashangaa. Jana viazi vitatu na mtindi. Anasema lazima akukute ana nguvu, usije ukadhani nimemnyima chakula.

Maharage tumevuna magunia manne na debe. Mahindi yanakauka. Mvua inaaga.

Nimefanya ulivyosema. Nilipanda basi mpaka Sumbawanga, nikampigia daktari nikiwa pale Mazwi kwa Asnath, yule tuliyesoma naye. Nikamwambia, "Ndugu yangu anarudi nyumbani, sasa naweza." Amenipa tarehe kumi na moja Juni, huko Mbeya. Victoria ataomba ruhusa kazini anipeleke na kunirudisha.

Mtindi niliokutajia umetoka kwa Kabula. Najua hutaki kusikia jina la nyumba hiyo. Lakini tangu ulipochukuliwa hakuna mwanamke mwingine hapa kijijini aliyeingia kwangu bila kuitwa. Mumewe Masalu mkono haujanyooka tena pale ulipompiga kwa mpini. Mfupa ulijiunga vibaya, kiwiko hakikunjuki. Ng'ombe zake anazichunga hivyo hivyo, na hazijaingia tena kwenye maharage yetu. Sisemi zaidi.

Nakuomba kitu kimoja. Niandikie siku yenyewe. Mama ananiuliza siku, mimi nina mwezi tu.

Dada yako,
Marsiana


Gerezani, Tabora
19 Mei 2024

Dada Marsiana,

Shikamoo. Mimi mzima. Nafurahi kwa magunia manne.

Mambo ya mahakama hayana siku, dada. Yanakwenda kama yanavyotaka yenyewe. Ila wewe usisogeze tarehe ya daktari hata kidogo. Ukiona sijafika, jua niko njiani.

Maziwa ya huyo mama kunyweni, kama mnayapenda. Mimi usiniandikie.

Mdogo wako,
Teodori


Kate
7 Julai 2024

Mdogo wangu Teodori,

Nakuandikia nikiwa kitandani, daftari liko juu ya tumbo, kwa hiyo usicheke mwandiko. Tumevuna mahindi kwa watu wa kuitana. Ulezi bado. Baridi ya mwaka huu imepitiliza, maji ya kwenye ndoo asubuhi yanauma kama yana meno. Mama leo amekula uji tu, anasema mdomo mchungu.

Walinipasua tarehe ile ile. Hawakunilaza usingizi, walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa nikabaki na akili zangu. Walining'inizia kitambaa nisione. Lakini nilisikia. Msumeno, Teodori, halafu patasi na nyundo, kama vile fundi yuko chumba cha pili anakata ubao, ila ubao ni mimi. Nilisali rozari nikapotea katikati, nikaanza upya.

Siku ya tatu wakanionyesha mguu. Umenyooka! Nina miaka arobaini na minane na sijawahi kuuona mguu wangu ukiwa umenyooka. Ulikuwa umevimba, umefungwa bandeji, una rangi ya bilinganya, nikalia kwa furaha mpaka nesi akaniuliza naumwa wapi.

Victoria alinileta nyumbani tarehe kumi na nane, akanihudumia siku kumi. Ruhusa yake ikaisha. Hakutaka kuondoka. Nilimwambia, "Mjomba wako anafika wakati wowote, nenda usije ukafukuzwa." Akaenda.

Hujafika, Teodori.

Kabula anakuja asubuhi na jioni. Anamwinua Mama, anamwogesha, anatupikia, anarudi kwake. Katikati ya hapo tunabaki wawili, mmoja haoni na mwingine hakanyagi. Mama amekaa karibu na mlango. Kila pikipiki ikisimama barabarani anasema, "Ndiye huyo."

Zimebaki wiki mbili na siku mbili. Sijakanyaga hata mara moja. Ukiipata hii ukiwa bado huko, niandikie ukweli wa hiyo rufaa.

Dada yako,
Marsiana


Gerezani, Tabora
11 Agosti 2024

Dada Marsiana,

Shikamoo. Barua yako ya mguu nimeisoma mara nyingi, nimewasomea na wenzangu hapa karakana. Mmoja alikuwa msaidizi wa hospitali huko kwao, anasema wiki sita zikipita salama mfupa umeshika. Sasa zimepita. Unatembea? Umeshuka mtoni? Mguu wa kushoto nao wataunyoosha lini?

Rufaa imeahirishwa. Jaji amehamishwa. Ndiyo mambo yao.

Mama amesema nini aliposikia hatua zako mpya? Niandikie maneno yake kama alivyoyasema. Na mdomo mchungu umemwisha? Mchemshie ndimu.

Mdogo wako,
Teodori


Kate
15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Nyumbani kupo. Ulezi umevunwa, kidogo. Baridi imepungua. Watu wameanza kuandaa matuta.

Mguu unaendelea, bado natumia magongo.

Mama hasumbuki siku hizi, amepumzika. Usiwe na wasiwasi.

Victoria anakusalimu.

Dada yako,
Marsiana


Gerezani, Tabora
20 Oktoba 2024

Dada Marsiana,

Shikamoo.

Nina barua zako zote hapa, kumi na tisa tangu niletwe huku. Nimezipanga chini nikazisoma moja moja. Hakuna hata moja usiyoniambia Mama amekula nini. Hata ile uliyoandika ukiwa na malaria, kuna supu ya kuku. Barua hii ya mwisho Mama hajala kitu. Hajasema kitu. Amepumzika.

Dada, najua mtu anavyoandika akiwa anaficha, kwa sababu mimi nimefanya hivyo mwaka mzima. Acha nianze mimi.

Rufaa ilitupwa tarehe ishirini na sita Februari. Ilitupwa kabla sijakuandikia ile barua ya Machi. Hakuna jaji aliyehamishwa. Nitatumikia kifungo changu, nikipata msamaha wa siku kama wanavyotoa kwa mwenye tabia njema, nitatoka Aprili 2026. Nilijua hivyo nilipokuandikia kwamba nitakuja Juni.

Nilitaka ukubali upasuaji. Nilijua bila mtu wa kumwinua Mama hutakubali, nikakupa mtu. Nilijisemea, ukishapasuliwa utapata msaada mwingine, Victoria yupo, majirani wapo, wiki sita siyo mwaka. Kila usiku nilikuwa nahesabu siku zako. Ilipofika tarehe ishirini na tatu Julai nikasema, basi, uongo wangu umekwisha salama.

Sasa niambie. Mama yuko wapi?

Teodori


Kate
1 Desemba 2024

Teodori,

Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Nilikuwa naitoa chini ya mto, naisoma hadi pale penye Februari, nairudisha.

Mama alifariki Jumanne tarehe kumi na sita Julai, saa nane mchana, kituo cha afya. Ni siku tisa tu baada ya ile barua ya kitandani. Wewe ulipokuwa unaniuliza habari za mdomo mchungu, alikuwa ana karibu mwezi mzima kaburini.

Ilianza Jumapili. Kabula alitupikia uji akaenda kanisani. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua limetoka na upepo unapiga bati. Mimi kitandani, mguu juu ya mto. Mama kwenye kiti chake, nimeagiza afunikwe blanketi mbili. Pikipiki ikasimama barabarani.

Akasema, "Ndiye huyo."

Nikamwambia, "Mama, kaa. Si kila pikipiki ni Teodori."

"Nazijua hatua za mwanangu."

"Mama, kaa chini!"

Akasimama. Tangu mwaka jana hajawahi kusimama peke yake, lakini siku hiyo alisimama, akapapasa mwimo wa mlango, akatoka. Nikasikia kishindo kama gunia limetupwa. Halafu akaita jina langu. Siyo lako, langu.

Magongo yalikuwa ukuta wa pili, Kabula aliyasogeza alipofagia. Hata kuyatazama sikuyatazama. Nilishuka nikakanyaga kwa miguu yote miwili mpaka nje. Alikuwa amelala chini ya ngazi ya mawe, mguu mmoja umegeuka vibaya. Nikamwinua mikononi. Alikuwa mwepesi, Teodori, hukuwahi kumjua akiwa mwepesi hivyo. Wakati wa kurudi, pale kizingitini, nilisikia mguu wangu ukilia kwa ndani, siyo kwa nguvu, kama kijiti kibichi kinapovunjwa. Nikaendelea. Nikamlaza kitandani kwangu, ndipo nikaanguka.

Aliyekuja na pikipiki alikuwa muuza dagaa. Ndiye aliyekimbia kuita watu.

Masalu ndiye aliyetafuta gari. Nyonga ya Mama ilikuwa imevunjika, na kifua kikaingiwa na baridi. Siku mbili tu. Siku ya mazishi vijana wa ukoo wetu walikuwa wachache, wengine wako mjini, wengine ziwani. Masalu alichukua zamu yake kaburini kama wenzake. Kwa ule mkono usiokunjuka alikuwa anabana mpini kwapani na kuchota udongo kwa mkono mmoja. Watu wakamwambia apumzike. Akasema, "Huyu mama alikuwa ananisalimia." Mimi nililetwa kwenye kiti nikamwona kwa macho yangu. Na wewe ulinikataza nisikuandikie habari za nyumba hiyo, kwa hiyo ulitaka nikuandikie nini? Kwamba aliyemzika Mama ni mtu ambaye hutaki jina lake?

Mguu wangu. Chuma kilipinda na skrubu mbili zikakatika. Daktari Cleophas aliniuliza imekuwaje, nikamwambia niliteleza. Aliitazama ile picha muda mrefu. Mfupa umejiunga, lakini umejiunga vibaya, umepinda kuliko ulivyokuwa mwanzo. Natembea kama mtu anayechota maji kwa upande mmoja. Goti linauma usiku na mchana.

Sikukuandikia kwa sababu nilidhani kosa ni langu, kwamba ningeweka magongo karibu. Miezi minne nimelala na jambo hilo. Nilikuwa nakuhurumia wewe, kwamba uko huko huna hata mahali pa kulilia.

Ungeniambia ukweli, ningeukataa upasuaji. Goti lingeuma kama linavyouma sasa. Lakini asubuhi ile nisingekuwa kitandani, na Mama asingekuwa anasikiliza pikipiki.

Sina la kuongeza leo.

Marsiana


Gerezani, Tabora
5 Januari 2025

Dada,

Shikamoo.

Barua yako nilipewa siku mbili kabla ya Krismasi. Afande anayezisoma aliniita pembeni akaniambia nikae kwanza. Nikajua.

Wenzangu wamenikalia matanga hapa karakana, kadiri inavyowezekana. Padre alikuja akaniuliza kama nataka kuungama. Nikamwambia nimekwisha kuungama kwa dada yangu na hajanipa kitubio.

Sijitetei. Nilitaka uone mguu wako umenyooka, na uliuona kama siku thelathini. Hicho tu ndicho nilichokupa, na bei yake umeilipa wewe na Mama. Mimi nimekaa huku napiga randa madawati.

Nakuomba unijibu jambo moja. Kwenye zile siku mbili, Mama alisema nini? Alinitaja?

Kuhusu Masalu, nimeandika mistari mitatu nikaikata. Nimeandika tena nikaikata. Maharage yale hata gunia moja hayakufika. Hapa kuna mtu wa kabila lake, nimemuuliza wanasemaje kwa lugha yao mtu akitaka kuomba radhi. Amenifundisha, lakini nikiliandika linaonekana dogo. Kama ungekuwa mimi, ungeandika nini?

Teodori


Mbeya, wodi ya mifupa
23 Februari 2025

Mdogo wangu Teodori,

Nakusalimu. Umeandika "Dada" tu bila jina langu, nikaona umeumia, lakini mimi jina lako naliandika.

Nipo Mbeya. Kesho asubuhi wanaukata tena mfupa, juu ya pale pale, watoe chuma kilichopinda waweke kingine. Safari hii watachukua na kipande cha mfupa nyongani kwangu wajazie ule mwanya. Daktari Cleophas hakunificha. Alisema mfupa uliokatwa mara moja ni kama ardhi iliyolimwa, ya mara mbili ni kama ardhi iliyochoka. Unaweza kushika, unaweza usishike. Usiposhika, goti watalifunga lisikunjike tena, nitembee na mguu mmoja kama gogo. Nimemwambia akate. Sasa hakuna mtu nyumbani ninayepaswa kumwinua.

Umeuliza Mama alisema nini. Ningeweza kukutungia, nimekutungia chakula miaka mitatu na ningejua la kusema. Lakini yaliyotupata kwa uongo yanatosha. Hakukutaja. Homa ilikuwa imempanda, alizungumza Kifipa tu, akimwita mama yake. Siku ya Jumanne asubuhi aliomba maji, akanywa vijiko viwili. Akaniuliza kama kuku wameingia ndani. Nikamwambia wameingia. Akasema, "Haya." Ndilo neno lake la mwisho, Teodori. Haya.

Shamba la bondeni nimempa Masalu alime kuanzia msimu huu, kwa sababu mimi siwezi, na yeye ana ng'ombe za kukokota plau. Tutagawana mavuno. Wazee wa ukoo hawakupenda. Nikawauliza nani kati yenu atanilimia, wakakumbuka kila mtu ana shughuli zake. Utakapotoka utamkuta humo. Lile neno ulilofundishwa, usiniandikie mimi. Utalisema wewe kwa mdomo wako, mbele yake, au hutalisema.

Kabula ndiye aliyenileta huku. Victoria hakupata ruhusa mara ya pili. Kabula hajawahi kufika Mbeya, amekaa sakafuni kando ya kitanda changu na kapu lake, anaogopa lifti, anapanda ghorofa zote nne kwa ngazi kuniletea uji. Amesema atakaa wiki zote sita kwangu nyumbani, watoto wake watapikiwa na Masalu mwenyewe.

Leo mchana nesi alikuja na fomu nisaini. Jina, umri, kijiji, dini. Mwisho akasoma, "Ndugu wa karibu."

Mara ya kwanza, mwezi Juni, nilisema Teodori bila kufikiri. Leo nilinyamaza. Nesi akadhani sijasikia, akasoma tena kwa sauti.

Nikamwambia aandike Kabula. Akauliza, "Ni nani yako?"

Nikamwambia, "Wewe andika tu, mwanangu. Yupo hapa."

Dada yako,
Marsiana